Busha Hukatwa Hospitalini, Hupona Nyumbani

Katika mwambao wa kaskazini wa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia Palma hadi Ibo, busha ni maradhi yanayofichwa chini ya kikoi. Mvuvi anayeugua huanza kwa kuacha kuvuta juya, kwa kuwa uzito wa mfuko wa korodani haumruhusu kujikaza na kamba. Kisha huacha kuketi barazani, na mwisho hata mkewe hamwambii lolote. Ilhali haya ni miongoni mwa maradhi machache ya kulemaza ambayo kisu huyaondoa kwa siku moja. Nashikilia kwamba kinachowazuia wanaume wengi si ukali wa kisu, bali ni kutojua mambo yatakavyokwenda mezani na, zaidi ya hapo, katika wiki zinazofuata. Aliyeelezwa mapema huenda akiwa amejiandaa, na aliyejiandaa hujitunza.

Busha la pwani mara nyingi hutokana na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo hukaa ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka 6 hadi 8, huiharibu, na maji hujikusanya kwenye utando unaozunguka korodani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanaume wapatao milioni 25 wana hali hii. Msumbiji ilianza kugawa ivermektini na albendazoli kwa jamii mwaka 2009, na kwa njia hiyohiyo jirani yetu Malawi ilithibitishwa mwaka 2020 kuwa imeuondoa ugonjwa wa minyoo hii kama tatizo la afya ya jamii. Lakini dawa hukata uenezaji tu. Maji yaliyokwisha jaa haiyaondoi. Wala kuyafyonza kwa sindano, njia ambayo wengi huipenda kwa urahisi wake, si tiba. Utando ni uleule, utajaza tena, na kila tundu ni mlango wa vijidudu.

Uchunguzi wenyewe hauna kitisho. Mhudumu huzima taa na kuegemeza tochi kwenye uvimbe: maji safi hupitisha mwanga, na mfuko hung'aa wekundu kama kiganja kilichofunika tochi usiku. Busha kongwe lenye ukuta mnene huenda lisipitishe mwanga, kwa hiyo kipimo hiki hakitoshi peke yake. Lazima kutofautisha, kwa sababu ngiri na ngirimaji, jina jingine la busha, hukaribiana kwa jina lakini upasuaji wake si mmoja. Na ngiri inayokaza ghafla kwa maumivu na kutapika ni ya kukimbizwa hospitali saa ileile. Siku ya kisu mgonjwa huoga kwa sabuni, na kidonda chochote cha ngozi huwa kimetibiwa kwanza. Wengi hupewa ganzi ya mgongo au ya mahali penyewe, si nusu kaputi. Huwa macho, wakihisi kuvutwavutwa pasipo maumivu. Mpasuaji hupasua ngozi, humwaga maji, kisha huukata utando wenyewe, maana kuuacha ni kuacha chemchemi. Korodani hurudishwa mahali pake na ngozi hushonwa.

Hapo kazi ya mpasuaji imekwisha na ya mgonjwa imeanza. Bomba dogo la kutolea damu huweza kubaki siku moja au mbili. Jambo linalowavunja watu moyo ni kwamba mfuko hubaki umevimba na kuwa mgumu kwa wiki kadhaa, wakadhani busha limerudi. Kumbe ni mwili unaojiunga, na uvimbe huo hupungua polepole. Chupi ya kubana huvaliwa usiku na mchana ili mfuko usining'inie, na kidonda huwekwa kikavu, mbali na maji ya bahari mpaka kizibe. Kubeba mizigo, kuendesha baiskeli, kuvuta nyavu na tendo la ndoa husubiri yapata wiki 4 hadi 6, hadi mpasuaji aruhusu. Homa, usaha, au mfuko kufura ghafla baada ya upasuaji si mambo ya kuvumilia nyumbani.

Hofu kubwa ni kwamba kisu kitamaliza nguvu za kiume. Hatari zipo, na ni haki ya mgonjwa kuambiwa: damu kuvujia ndani, vijidudu, busha kurudi, na kwa nadra korodani kuumia. Lakini mishipa inayosimamisha uume haipiti katika utando unaokatwa. Kinyume chake, busha kubwa ndilo linaloumeza uume na kulizuia tendo. Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hapa neno hilo ni kweli kwa maana yake ya wazi kabisa.

Wengine watasema kwamba katika mkoa ulioanza kushambuliwa Oktoba 2017, ambako hospitali ya Mocímboa da Praia yenyewe iliharibiwa, busha lisubiri. Nawaelewa. Lakini kwa kuwa si dharura, ndiyo maana upasuaji huu unaweza kupangiwa wakati na mahali palipo salama, Pemba au Mueda. Wala haulazimu kumngoja daktari bingwa: tangu 1984 Msumbiji inafundisha técnicos de cirurgia, wapasuaji wasio madaktari, na utafiti umeonyesha kuwa upasuaji wao wa uzazi haukupishana kimatokeo na wa madaktari, na kwamba hubaki kwenye hospitali za vijijini madaktari wanapoondoka. Mvuvi na achague miezi ya kusi, mvua ikiwa imekatika, barabara zikipitika na bahari ikichafuka, ili wiki zake 6 za kupumzika ziangukie siku ambazo chombo kingelala pwani vyovyote vile. Na anayempa tarehe ya kisu ampe papo hapo na tarehe ya kurudi kwenye juya.