Simu inavyotambua ugonjwa wa muhogo, na kwa nini uionyeshe majani sita

Mkulima wa muhogo anaweza kupita shambani kila asubuhi akaona miti imesimama vizuri, halafu siku ya kuvuna akakuta mizizi ina madoa ya kahawia, imeoza kwa ndani. Huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia. Mwenzake, batobato, hujionyesha mapema zaidi: majani hujikunja, hudumaa na kutoka mabaka ya njano. Yote mawili ni magonjwa ya virusi. Inzi weupe huyasambaza kutoka mti hadi mti, lakini yanasafiri mbali zaidi ndani ya pingili tunazopeana jirani kwa jirani. Mti ukishaambukizwa, hakuna dawa ya kuupulizia ukapona. Kinga kubwa ni kuchagua mbegu safi. Kwa hiyo swali la "mti huu ni mzima au mgonjwa?" ni swali la chakula cha mwaka mzima.

Leo tunaeleza chombo kinachosaidia kulijibu: programu ya simu iitwayo PlantVillage Nuru. Imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani, kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na taasisi ya utafiti wa kilimo ya kimataifa, IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani, nayo inakwambia inachokiona. Inatumia Kiswahili, na ukishaipakua inafanya kazi shambani bila bando.

Inaonaje?

Simu haina macho kama yetu. Kwake picha ni vidoti vingi sana, na kila kidoti ni namba ya rangi. Ili namba hizo ziwe na maana, lazima ifundishwe.

Kazi ya namna hii ilianza kuzoeleka viwandani. Kamera hufungwa karibu na mkono wa roboti ili ujue kifaa kimelala upande gani kwenye mkanda kabla ya kukidaka. Hata kwenye mashine za kisasa za kuchambua mchele, kamera huona punje yenye rangi mbaya, na pumzi ya hewa huirusha pembeni. Zamani mhandisi aliandika kanuni moja moja: rangi hii pokea, umbo lile kataa. Siku hizi, kwa vitu vyenye sura nyingi, mashine huonyeshwa picha nyingi zenye majina, ikatafuta yenyewe kinachozifananisha. Hiyo ndiyo akili mnemba, na ndiyo iliyofanya chombo kiwe rahisi kwa mtu asiye mhandisi.

Kwa muhogo, shule yake ilikuwa hapa hapa Tanzania. Watafiti walipiga maelfu ya picha za majani katika mashamba ya majaribio ya IITA nje ya Bagamoyo. Wataalamu wakazipa majina: batobato, michirizi kahawia, utitiri, jani zima. Kompyuta ikajifunza kutoka kwenye picha hizo.

Tuiamini kiasi gani?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima Nuru pamoja na binadamu. Kwa kutazama jani moja, Nuru ilipatia mara 65 katika kila 100. Maafisa ugani walipatia kati ya mara 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Inawashinda maafisa ugani na wakulima, lakini 65 maana yake ilikosea zaidi ya mara 30 katika kila 100. Ukichagua mbegu kwa jibu la jani moja, unaweza kupanda ugonjwa kwa mikono yako mwenyewe.

Tiba ya kasoro hiyo ni rahisi. Ilipotazama majani sita ya mti uleule, ilipatia kati ya mara 74 na 88. Mti mgonjwa hauonyeshi dalili kwenye kila jani. Batobato hupenda kuonekana kwenye majani machanga ya juu, na michirizi kahawia kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Kwa hiyo chukua mawili juu, mawili katikati na mawili chini. Tuliza mkono, jani lijae kwenye kioo, na kivuli chako kisiliangukie.

Isichoweza kuona

Watafiti waligundua pia kwamba kamera hukosea zaidi dalili zikiwa ndogo. Ugonjwa ukiwa mchanga, simu inaweza kusema mti ni mzima. Tena, Nuru huona jani, haioni mzizi. Kabla ya kuchukua pingili, angalia kama shina lina michirizi ya kahawia, kisha chimba mizizi ya miti michache na uikate uone ndani. Simu ikisema moja na mzizi ukasema lingine, amini mzizi.

Ukishajua, ufanye nini?

Mti mgonjwa usichukuliwe mbegu, na usimpe jirani. Ukiugundua ungali mdogo, ung'oe uutoe shambani. Shamba likiwa limekomaa na lina michirizi kahawia, vuna mapema, maana mizizi inavyokaa ardhini ndivyo inavyozidi kuharibika. Sehemu nzima za mzizi zinaliwa kama kawaida. Virusi hivi ni vya mmea, havimpati binadamu.

Kwa mbegu mpya, muulize afisa ugani wa kata yako kuhusu pingili zilizokaguliwa na Taasisi ya Uthibitisho wa Mbegu, TOSCI, yenye makao yake Morogoro, na aina zinazostahimili michirizi kahawia, kama Kiroba.

Wenye kitochi msijione mmeachwa. Simu janja moja inatosha kikundi kizima cha wakulima, mkipita shamba kwa shamba. Msisubiri majani yapukutike wakati wa kiangazi, kwani hapo simu haitakuwa na cha kutazama. Kagueni majani yakiwa bado mtini, na kila mti mtakaouchukulia mbegu mfungieni kamba. Mvua zikikaribia, mkate pingili kwenye miti yenye kamba tu.