Ukoka na Nyasi Bandia katika Viwanja vya Unguja

Mwezi wa Mei 2025, mvua za masika zilipokuwa zimekwisha kuliharibu dimba la Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika liliamua kwamba mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho, baina ya Simba na RS Berkane ya Morocco, uvushwe bahari na kuchezwa Unguja, katika Uwanja wa Amaan. Wapenzi wa Simba walipanda boti kwa wingi, wakashuka bandarini Malindi na nyekundu zao, na tarehe 25 wakaishuhudia sare ya 1-1 iliyowapa Berkane kombe kwa jumla ya mabao 3 kwa 1. Hayo ni ya ushabiki, na yamekwisha semwa sana. Lililonishughulisha mimi ni kwamba uwanja mkubwa wa taifa, wenye nyasi zilizopandwa ardhini na kutunzwa kwa gharama, ulikuwa umeshindwa na mvua, ilhali kisiwa kilichokuwa katika masika hayo hayo kiliweza kuipokea fainali ya bara zima juu ya nyasi ambazo hazikuota popote, bali zililetwa zimeviringwa.

Amaan ulijengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1970. Ukakarabatiwa upya, ukafunguliwa tena mwishoni mwa Desemba 2023, na siku chache baadaye, katika Januari 2024, Mlandege wakaifunga Simba 1-0 humo humo katika fainali ya Kombe la Mapinduzi. Tangu hapo ubishi haujatulia barazani: yupo asemaye kwamba mpira juu ya nyasi bandia hukimbia mno na magoti huuma, na yupo asemaye kwamba mchezaji mzuri hachagui pa kukanyaga. Kabla ya kuamua nani ana haki, inafaa tujue kitu chenyewe kimefanywaje.

Chini kabisa hulazwa kokoto zilizoshindiliwa na kusawazishwa, zenye mifereji ya kuyatoa maji. Juu yake hutandikwa zulia lenye nyuzi za plastiki zenye urefu wa milimita 40 hadi 60. Na baina ya nyuzi hizo humwagwa kwanza mchanga, ili zulia litulie kwa uzito, kisha punje nyeusi za mpira, ambazo aghalabu ni matairi makuukuu yaliyosagwa. Punje hizo ndizo zinazoulainisha mwanguko wa mchezaji na kuuzuia mpira usidunde kupita kiasi. Hazikai mahali pamoja: kila anayeteleza huzirusha, kila mvua kubwa huzisogeza kuelekea mtaroni, na mtoto arudipo nyumbani kutoka kiwanja cha namna hiyo hukung'uta viatu mlangoni, punje zikatawanyika sakafuni, nyingine zikatoka soksini na mifukoni, na kesho yake mwenye kufagia akazikuta bado zimo chini ya mkeka. Kwa hiyo kiwanja cha bandia nacho kina kazi yake: hupigwa brashi ili nyuzi zisimame, huongezwa punje, na hushonwa pale zulia linapoachana.

Nyasi hizi zilizaliwa kwa dharura. Mjini Houston, Marekani, mwaka 1965 ulifunguliwa uwanja wenye paa, na vioo vya paa hilo vilipopakwa rangi ili wachezaji wasipigwe na mwangaza machoni, majani ya ndani yakafa kwa kukosa jua. Mwaka wa pili yakatandikwa ya plastiki. Uingereza, klabu ya Queens Park Rangers ilifuata mwaka 1981, kwa kiwanja kigumu ambacho juu yake mpira ulidunda hadi kichwani na ngozi ya paja ikabaki chini, na kabla miaka ya tisini haijafika katikati klabu za ligi za huko zilizokuwa na mazulia zilikuwa zimekwisha kuyang'oa. Aina ya leo, yenye nyuzi ndefu na punje, ni bora mno kuliko ile, na iliingizwa katika sheria za mchezo mwaka 2004 kwa sharti kwamba rangi iwe ya kijani. Hata hivyo wachezaji wenyewe hawajaridhika: kabla ya Kombe la Dunia la Wanawake la 2015, lililochezwa Kanada juu ya nyasi bandia tupu, kundi la wachezaji mashuhuri akiwamo Abby Wambach lilifungua mashtaka, likidai kwamba wanaume wasingelipewa kiwanja cha namna hiyo, na ligi kuu ya Uholanzi imezipiga marufuku kuanzia msimu wa 2025/26.

Ila la jua ndilo linalotuhusu zaidi sisi watu wa pwani. Jani lililo hai hutoa maji, na kwa kutoa maji hujipoza. Uzi wa plastiki hauna cha kutoa, na punje nyeusi hunywa joto lote, hata uso wa kiwanja ukapita nyuzi 60 za Selsiasi mchana wa jua kali. Katika miezi ya kaskazi, baada ya adhuhuri, joto hilo hupenya soli ya njumu mpaka kwenye wayo, na mtoto wa peku hawezi kusimama. Kwa hiyo uwanja wa namna hii katika nchi kama yetu ni uwanja wa alasiri na usiku, na taa zake ni sehemu ya gharama ya nyasi, ingawa katika hesabu huandikwa mbali.

Upande wa pili yuko ukoka, jani letu la siku zote, ambalo hutambaa kwa mikono yake juu ya udongo na kila kifundo kikagusa ardhi kikatia mizizi, na ndiyo maana likikatwa hapa huibukia pale. Ukoka hauhitaji kuagizwa kwa meli. Unahitaji udongo unaopitisha maji, maji yenyewe wakati wa kiangazi, mtu wa kuukata, na zaidi ya yote unahitaji kuachwa ulale. Hapo ndipo penye mgogoro, kwani jani linaweza kuvumilia saa chache tu za njumu kwa juma kabla ya kuanza kufa mbele ya goli na katikati ya dimba, ilhali zulia huchezewa asubuhi na jioni bila kulalamika. Mtu akiangalia ratiba ya Kombe la Mapinduzi, michezo miwili kwa siku katika uwanja mmoja, alasiri na usiku, kisha akaongeza ligi kuu ya Zanzibar na mazoezi, hatashangaa kwamba Amaan umetandikwa plastiki. Kwangu mimi waliotandika walifanya sawasawa.

Kosa litakuwa kudhani kwamba lililoufaa Amaan linaifaa Unguja nzima. Udongo wa kisiwa hiki si mmoja: upande wa magharibi kuna kichanga na kinongo, ambamo ukoka hushika bila taabu, na mashariki kuna uwanda, mawe ya matumbawe yenye udongo wa kiganja kimoja, ambako kiwanja cha kijiji huwa na vumbi na ncha za jiwe. Huko uwandani hoja ya nyasi bandia ina nguvu, maana kuleta udongo kwa malori nako si bure, na maji matamu ni ya kugombaniwa na mahoteli. Lakini Mnazi Mmoja, pale nje ya Mji Mkongwe ambapo vizazi vimecheza mpira na kriketi, sioni sababu yoyote ya zulia. Ni ardhi ya chini, bahari iko jirani, na nyakati za bamvua kubwa maji ya chumvi hupanda. Yatakayolijia zulia hapo yatazichukua punje na kuzipeleka baharini. Kuna jani la paspalamu la pwani linalostahimili chumvi, na lile lile ndilo lililopandwa katika viwanja vya Qatar kwa Kombe la Dunia la 2022, katika jangwa lisilo na masika wala vuli. Ikiwa limeota Doha, Mnazi Mmoja halitatushinda, maadamu atapatikana wa kulitunza na atalipwa.

Malipo hayo ndiyo yanayokimbiwa. Ni rahisi kumpata mfadhili wa kutandika zulia, akakata utepe na kupigwa picha, kuliko kumpata wa kulipa mshahara wa mkata majani kwa miaka 10. Na miaka 10, au pungufu, ndiyo umri wa zulia lenyewe, ambalo likichakaa halina pa kwenda ila jaa la Kibele. Kisiwa hiki kilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Tanzania Bara ikafuata 2019, na hadi leo mgeni huulizwa bandarini kama anayo; sijasikia mtu akiulizwa habari ya tani za punje za mpira. Umoja wa Ulaya umekwisha kuuliza: kwa kanuni ya 2023, punje za namna hiyo hazitauzwa tena huko kuanzia Oktoba 2031.

Wanaotengeneza viwanja huko Ulaya wameanza kuweka mahali pa punje hizo gamba la mti wa koki na nyuzi za nazi, ambazo hushika unyevu na kupunguza joto. Nyuzi za nazi ni makumbi, hayo hayo ambayo wanawake wa vijiji vya pwani ya mashariki huyafukia ufukweni yakaoza, kisha huyafukua na kuyaponda wakapata usumba wa kusokota kamba. Siku zulia la Amaan litakapokuwa la kubadilishwa, zabuni ya kujaza iandikwe kwa namna ambayo mwenye makumbi wa Unguja naye ataweza kuiomba.