Usafiri Endelevu wa Wanafunzi wa Chuo Kikuu: Mtazamo kutoka Dzaleka na Lilongwe

Maandishi mengi kuhusu usafiri endelevu wa kwenda chuoni humchukulia mwanafunzi kuwa mtu mwenye gari. Swali linaloulizwa ni namna ya kumshawishi aliache nyumbani: apandishiwe ada ya maegesho, apunguziwe nauli ya basi, au ajengewe njia ya baiskeli. Makala haya yanaanza na mwanafunzi mwingine, asiye na gari, ambaye kabla ya kuuliza nauli ni kiasi gani hana budi kuuliza kama anaruhusiwa kusafiri.

Kambi ya Dzaleka imo katika Wilaya ya Dowa, takribani kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamezidi 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilikataa kufungwa na baadhi ya vifungu vyake, kikiwamo kifungu cha 26 kinachohusu uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini. Mkimbizi hutakiwa kuishi kambini, na akitaka kutoka huhitaji kibali.

Tangu mwaka 2010 chuo kimewafuata wanafunzi huko huko. Kupitia mpango wa Wajesuti, ambao leo unajulikana kama Jesuit Worldwide Learning, wakazi wa Dzaleka wamesoma kwa intaneti stashahada iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Mwanafunzi huenda darasani kwa miguu. Tukipima kwa moshi tu, hii ni safari ya chuoni iliyo safi kuliko nyingi zinazosifiwa katika ripoti za vyuo vya Ulaya. Hata hivyo, usafi huo haukutokana na uamuzi wa mwanafunzi. Mtafiti anayeuhesabu kuwa mafanikio ya sera ya usafiri anahesabu ua wa kambi kuwa njia ya waenda kwa miguu. Na yako masomo ambayo intaneti haiwezi kuyabeba: maabara, wodi ya hospitali, shamba la majaribio.

Basi tuchukulie kwamba kibali kimepatikana. Mwanafunzi atatoka kambini hadi barabara kuu ya M1, kwa miguu au kwa kabaza, yaani baiskeli au pikipiki ya abiria, ambayo kwingine angeiita bodaboda. (Bodaboda nazo, tukumbuke, zilianza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda.) Kisha atapanda basi dogo hadi Lilongwe, mji uliofanywa makao makuu mwaka 1975 na kupangwa kwa maeneo yenye namba, yaliyotawanyika na kutenganishwa na nafasi kubwa za wazi. Mpangilio huo ulimfaa mwenye gari. Waliobaki wanaziba mapengo kwa kanyagio. Akiwa anasoma kilimo, safari haijaisha: kampasi ya Bunda ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili cha Lilongwe iko mbali nje ya mji, upande wa pili.

Kwa umbali wa namna hiyo, kumhimiza mtu apande baiskeli kutoka nyumbani hadi darasani ni dhihaka. Baiskeli inafaa vipande vya mwanzo na vya mwisho vya safari, nayo ina sifa ambayo Malawi imeijua kwa machungu: mwaka 2011, na tena 2022, mafuta yalipoadimika vituoni, kabaza za kanyagio ziliendelea kutembea. Kwa masafa marefu, dawa kubwa ni malazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata mabweni ya wanafunzi 3,840 mwaka 2017, maelfu ya safari za daladala hazikuwa na haja tena, bila kampeni yoyote ya kuelimisha umma.

Hapa ndipo sera mbili zinapogongana. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei wengine waliondolewa Lilongwe kwa nguvu. Mwanafunzi mkimbizi aliyepanga chumba karibu na chuo, akitembea dakika chache kwenda darasani, kwa agizo kama hilo anageuzwa msafiri wa takribani kilomita 90 kwa siku, kwenda na kurudi.

Kwa washauri wa sera, pendekezo letu la kwanza halihusu lami wala magari. Kibali cha mwanafunzi aliyesajiliwa kidumu mwaka mzima wa masomo, na kiruhusu kulala bwenini. Basi la chuo kutoka Dzaleka linaweza kujadiliwa baadaye. Kwa kibali cha siku chache halitakuwa na abiria wa uhakika, na hakuna mhasibu wa chuo atakayeidhinisha dizeli yake.