Nani Amekipa Chuo Ithibati, na Nani Amempa Mamlaka Hayo?

Anayetafuta chuo cha kusoma kwa masafa huuliza kwanza kama chuo kina ithibati. Chuo cha uongo hakiogopi swali hilo. Kitajibu ndiyo, kitatuma cheti chenye nembo na muhuri, na kitataja baraza lenye jina refu la kuvutia. Swali linalokibana ni la pili: baraza hilo limepewa mamlaka na nani?

Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiendesha tovuti zisizopungua 370. Nyingi zilijiita vyuo vikuu na shule. Lakini zilikuwamo pia tovuti za mabaraza ya ithibati, yaliyobuniwa ili kuvipa uhalali vyuo hivyohivyo, na hapo ndipo naona ubaya mkubwa zaidi wa mpango ule. Mwombaji mwangalifu angeweza kufuata kiungo cha chuo, akafika kwenye baraza, akalikuta jina la chuo limeorodheshwa, akalipa ada moyo wake ukiwa umetulia. Uchunguzi aliufanya, ila njia alionyeshwa na yuleyule anayemchunguza.

Kwa hiyo anzia serikalini, kisha ushuke mpaka chuoni. Marekani ndiko watu wengi wanakochanganyikiwa, kwa kuwa serikali ya huko haivipi vyuo ithibati yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na taasisi binafsi, na Wizara ya Elimu huzitambua zile zinazokidhi vigezo vyake. Kwa elimu ya masafa, taasisi ya siku nyingi ni DEAC, iliyoanza mwaka 1926. Wizara ina hifadhidata iliyo wazi kwa kila mtu. Litafute jina la chuo humo, herufi kwa herufi, maana vyuo bandia hupenda majina yanayokaribiana na ya vyuo maarufu. Angalia na tarehe. Taasisi ya ACICS ilipoteza utambuzi wa Wizara mwezi Agosti 2022, na vyuo vilivyokuwa chini yake vikalazimika kutafuta ithibati kwingine. Wala usitosheke na anwani inayoishia na .edu: tangu mwaka 2001 hutolewa kwa masharti ya ithibati, lakini waliokuwa nayo kabla ya hapo waliachiwa.

Uingereza njia ni fupi. Mamlaka ya kutunuku shahada yanalindwa na sheria, na orodha ya vyuo vyenye mamlaka hayo iko kwenye tovuti ya serikali.

Sisemi haya kuitia doa elimu ya masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikiwatunuku shahada watahiniwa wa nje tangu mwaka 1858. Hata chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilianza kwa kutoa shahada za London.

Hapa Tanzania, vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Astashahada na stashahada za vyuo vya kati ziko chini ya NACTVET. Kenya, uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ukionyeshwa cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, fahamu kwamba kinathibitisha kuwapo kwa kampuni tu. Ruhusa ya kufundisha shahada haimo. Na chuo kuwa na ithibati hakutoshi kama programu unayoitaka haijaidhinishwa. Kwa fani kama uhandisi na uuguzi, iulize pia bodi au baraza linalosajili wanataaluma hao.

Shahada ya nje hubaki na mlango mmoja zaidi: kutambuliwa na TCU. Mwezi Aprili 2017 ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Aliyesoma miaka mitatu kwa jasho lake katika chuo kisichotambulika hakughushi chochote, na inaniuma kwamba siku ya uhakiki naye atakuwa na karatasi isiyomsaidia.

Kabla ya kulipa hata ada ya maombi, iandikie Tume. Taja jina kamili la chuo, nchi kilipo, jina la programu na kwamba utasoma kwa masafa, kisha uombe jibu la maandishi. Chuo kikikuambia punguzo la ada linakwisha leo usiku, acha likwishe.