Kipaza Sauti Chaingia Jikoni

Ndugu msomaji, ukitaka kujua hali halisi ya mji, utakwenda kuuliza wapi? Wengi wetu tutataja ofisi za wakubwa, mahakama au soko. Wako wanahabari wawili wa redio huko Marekani ambao, kwa miaka mingi, wamekwenda kuuliza jikoni.

Hao ni Bibi Davia Nelson na Bibi Nikki Silva. Walianza kazi pamoja mwaka 1979 mjini Santa Cruz, katika jimbo la California, wakiwahoji wenyeji katika redio ndogo ya hapo. Wasikilizaji huwaita Kitchen Sisters, yaani Kina Dada wa Jikoni. Ajabu ni kwamba jina hilo halikutokana na upishi. Walilichukua kwa mzaha kutoka kwa waashi wawili wa mji huo, ndugu wa ukoo ulioitwa Kitchen.

Baada ya miaka 25 mzaha ukawa kweli. Mwaka 2004 walianzisha katika redio ya umma, NPR, mfululizo wa vipindi kuhusu majiko yaliyofichika. Fikra hiyo ilimjia Bibi Nelson ndani ya teksi mjini San Francisco. Mara kwa mara alipopanda teksi, alikuta dereva ni Mbrazili, tena kutoka mji mmoja, Goiânia. Kwa kuulizauliza akagundua kwamba nyakati za usiku, karibu na yadi ya teksi, mama mmoja wa kwao huwaletea madereva hao chakula cha nyumbani. Sisi wa mijini hatuhitaji kuelezwa mama huyo ni nani. Ni mama ntilie.

Wanahabari hao wakawaomba wasikilizaji wapige simu kueleza majiko wanayoyajua. Mengine yalikuwa ya kusikitisha. Walikuta watu wasio na makao, na wengine wanaoishi katika vyumba visivyo na jiko, wakipika kwa kikaango kidogo cha umeme chenye jina la George Foreman, yule bondia aliyeangushwa na Muhammad Ali mjini Kinshasa mwaka 1974. Walipomfuata Foreman mwenyewe, aliyefariki mwaka 2025, aliwasimulia njaa ya utoto wake mjini Houston. Hivyo kikaango tu kilitosha kufichua njaa ndani ya nchi tajiri.

Lakini jiko lisilosahaulika ni la marehemu Bibi Georgia Gilmore wa Montgomery, Alabama. Kuanzia tarehe 5 Desemba 1955 watu weusi wa mji huo walisusia mabasi yaliyowabagua, na hawakuyapanda tena kwa siku 381. Magari ya kuwasafirisha wafanyakazi yalihitaji petroli, na petroli ilihitaji fedha. Bibi Gilmore na wanawake wenzake walipika keki na vyakula vingine, wakauza, na mapato wakayapeleka kwenye mikutano ya mgomo. Kundi lao waliliita Klabu ya Kutoka Popote. Akiulizwa fedha zimetoka wapi, jibu lilikuwa hazikutoka popote! Kwa njia hiyo wapishi na wanunuzi walinusurika kufukuzwa kazi. Yeye mwenyewe alipoteza kazi yake ya upishi. Ndipo Mchungaji Martin Luther King alipomhimiza apike na kuuza nyumbani kwake.

Ndugu msomaji, redio na chakula si wageni kwetu. Mwaka 1975 wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya kampeni ya Chakula ni Uhai. Hapo redio ilisema, nasi tukasikiliza. Kina dada hawa wanatukumbusha nusu ya pili ya kazi hiyo: redio nayo haina budi kunyamaza na kumsikiliza mpishi.

Basi leo, chakula kikishaandaliwa, muulize bibi yako au jirani yako alijifunza kwa nani kupika, na ni nani aliowalisha katika siku za shida. Usingoje mwanahabari abishe hodi. Mpishi akiondoka bila kuulizwa, sufuria hubaki, lakini hadithi huzikwa naye.