Abiria wa Mashua na Usalama Wake Ziwani

Asubuhi katika gati la Mbita, ambako watu hupanda mashua za kwenda kisiwa cha Mfangano, huonekana mkulima mwenye magunia ya mahindi, mama mwenye kuku katika tenga, na karani wa likizo anayekwenda kuwasalimu wazee wake. Chombo kikiisha kujaa, utingo huita tena: bado nafasi ya watu watatu! Basi hapo ndipo ajali nyingi za Ziwa Victoria huanza. Si katikati ya maji, bali gatini.

Watu wa bara aghalabu hulidharau ziwa kwa kuwa si bahari. Lakini upana wake ni kilomita za mraba 68,000 na zaidi, na maji yasiyo na chumvi humwinua mtu kwa nguvu ndogo kuliko maji ya bahari, hata kijana aliyejifunza kuogelea Mombasa hujiona mzito afikapo Kisumu. Upepo nao una desturi yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja ufukoni. Usiku mambo hugeuka, na dhoruba nyingi za ngurumo huzaliwa juu ya ziwa lenyewe kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo nahodha anayeng'oa nanga usiku ili awahi soko, hali mawingu yamesimama mbele yake, hastahili kufuatwa.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, nchini Tanzania. Kipimo chake kilikuwa watu mia na mmoja tu, na waliokufa walizidi 220. Fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili, kwa kuwa alipata mahali ndani palipobaki hewa. Yafaa kukumbuka kwamba abiria wale walikuwa wamekwisha kuiona nchi kavu. Chombo kilichojaa kupita kiasi huweza kuvumilia safari nzima watu wakiwa wameketi, kisha kikapinduka pale wanapoinuka wote na kusongamana upande mmoja ili washuke. Mtu akisimama, uzito wa chombo hupanda juu. Akisogea, nao husogea. Maji yaliyotuama chini ya mashua hufanya vivyo hivyo, yakikimbilia upande ulioinama, na kwa hiyo kopo la kuyatolea nje si kitu cha mzaha.

Abiria hana haja ya elimu ya unahodha ili aamue. Na atazame ubavu wa chombo kikiwa kimetulia. Ikiwa maji yanalamba ubao wa juu pale gatini, mawimbi yataingia bila shaka. Na ashuke, hata kama nauli imekwisha kulipwa na wenzake wanamcheka.

Jaketi la kuokolea maisha ni la kuvaliwa na kufungwa kamba zake kabla ya kuondoka. Wengi hulikalia kama mto, kisha hutaka kulivaa chombo kikiwa kimelala ubavu, jambo ambalo halifanyiki. Mahali ambapo jaketi hakuna, dumu tupu la lita 20 lililozibwa vizuri huweza kumwelesha mtu mzima akilikumbatia, ingawa dumu halitamwinua uso mtu aliyezimia.

Mashua ya mbao ikipinduka, mara nyingi huendelea kuelea. Ushikilie ubao, wala usijaribu kuogelea mpaka ufuko unaoonekana karibu, kwani macho hudanganya sana juu ya maji. Vijana wanaokodi mashua kule Dunga ili kutazama viboko nao wangefaa kuambiwa haya, pamoja na kuacha pombe ufukoni na kutomkaribia kiboko mwenye mtoto.

Mtu anayezama kwa kawaida hapigi kelele, kwa maana pumzi yake yote imo katika kutafuta hewa. Anayemwona asimrukie, na amnyoshee kasia, au amtupie kamba au dumu. Waokoaji wengi wamezamishwa na wale waliotaka kuwaokoa. Akiisha kutolewa, naye hapumui, asininginizwe kichwa chini wala asikandwe tumbo. Alazwe chali, kichwa kiinamishwe nyuma, pua ibanwe, apuliziwe pumzi kinywani mara tano, kisha kifua kisukumwe kwa nguvu katikati mara 30, na kufuatiwa na pumzi mbili. Hivyo hivyo bila kukoma, wenzake wakipokezana, mpaka apumue au mganga afike.