Tunawafunza Wanafunzi Kuziua Betri

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu kote nchini, nilikuwa mezani nikikamilisha maazimio ya kazi ya muhula wa tatu, uliotarajiwa kuanza Jumatatu. Sikushtuka, maana betri ya kipakatalishi changu ilikuwa imejaa pomoni. Baada ya dakika arobaini hivi skrini nayo ikazima, nami nikabaki gizani na kazi nusu. Chombo hicho kilipokuwa kipya, miaka mitatu kabla ya usiku huo, kilikuwa kikinihudumia saa nne bila waya.

Nilikipeleka kwa fundi, kijana niliyepata kumfundisha. Akaniuliza, “Mwalimu, huwa unakichaji namna gani?” Nikamjibu kwa fahari kwamba huitumia betri mpaka ikauke kabisa, kisha huiacha kwenye umeme usiku kucha. Akainamisha kichwa kwa adabu. “Ndivyo ulivyotufunza hata sisi, Mwalimu.”

Naam, ndivyo nilivyowafunza, na yamkini wenzangu wengi wangali wanafunza hivyo. Somo lenyewe halikuwa la uongo lilipoanza. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu zilikuwa na tabia ya ajabu: ukizichaji kila mara zikiwa nusu, zilikuwa kana kwamba zimezoea nusu hiyo, zikasahau iliyobaki. Ilibidi zikaushwe mara kwa mara. Lakini tangu mwaka 1991, kampuni ya Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu, mambo yalianza kugeuka. Leo vipakatalishi na simu zetu vinatumia betri za aina hii, na mwaka 2019 wanasayansi watatu waliochangia kuziunda, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Betri ilibadilika, na sisi tukabaki na daftari la jana.

Betri ya lithiamu haina kumbukumbu ya namna hiyo. Ndani yake chembe za lithiamu husafiri kutoka ncha moja hadi nyingine unapoichaji, na kurudi unapoitumia. Kila safari huacha uchakavu kidogo, na safari ndefu, ya kutoka sufuri hadi mia, huchakaza kuliko safari fupi fupi. Seli ikijaa kabisa hufikia volti 4.2 hivi, ikikaa katika hali hiyo kwa muda mrefu, kemikali zake huanza kuharibiana. Joto nalo huchochea maangamizi hayo. Kwa hiyo anayeikausha betri kisha akaiacha imejaa usiku kucha, tena juu ya godoro linaloziba matundu ya hewa, ameitesa mara tatu. Mimi nilikuwa huyo.

Iliyo bora ni kuicheza betri kati ya asilimia 20 na 80. Vipakatalishi vingi siku hizi vina mpangilio wa kuikomesha chaji ikifika 80, nao wafaa sana kwa chombo kinachoshinda kwenye waya. Anayesafiri au anayetarajia kukatikiwa na umeme na aijaze, hapana dhambi, mradi asiiache hivyo wiki nzima. Na katika saa za dhiki, punguza mwangaza wa skrini kabla ya jambo jingine lolote, kwani skrini ni miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme.

Linaloniumiza zaidi ni vyumba vya tarakilishi shuleni. Vingi vimeezekwa mabati, na adhuhuri ndani huwa tanuri. Wazazi wamejinyima wakachanga, kisha shule inafungwa na vyombo vinafungiwa humo, vingine vimekauka, vingine vimejaa. Viachwe vikiwa na nusu ya chaji, vimezimwa, mahali penye ubaridi. Betri iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa tena. Yaweza kuwaka moto.

Fundi wangu alinionyesha jambo moja ambalo sasa nimelifanya zoezi la darasani. Katika kipakatalishi chenye Windows, amri powercfg /batteryreport hutoa ripoti yenye tarakimu mbili muhimu: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, uzidishe kwa mia. Yangu ilitoka kiwandani na wati-saa 45, zikabaki 9. Wanafunzi walipopata asilimia 20, mmoja aliuliza ni nani aliyeitumia vibaya hivyo. Nikawaambia.